Kibanda cha kurushia muvi Mwanjelwa, nyota nne

Wadau wa Mbeya mnaopenda muvi za zamani, kuna jamaa Mwanjelwa nyuma ya soko anarusha muvi kwenye flashi, kibanda hakina hata bango utamjua kwa spika lake tu. Muvi moja jero, ukichukua kumi anakuachia kwa buku nne.

Mi nilikuwa namtafutia mama muvi za Shirley Temple, yule mtoto wa Kimarekani mwenye nywele za mawimbi, maana mama yuko Tukuyu na mwezi wa saba baridi ya kule usipime, ikifika saa kumi na mbili ni jiko la mkaa na tivii basi. Vibanda viwili vya kwanza wakanicheka, mmoja ananiuliza eti dada hiyo ni singo au sizoni. Huyu jamaa akasema tu "ya mwaka gani dada?" Nikachoka. Akanipa nne, ikiwemo Heidi ya 1937, ile ya yatima anapelekwa kwa babu yake mkali milimani Uswisi.

Sasa wakati inarusha akaanza kunipa stori kwamba huyo mtoto alikuja kuwa balozi Ghana. Nikajua fiksi hizi, tukabishana mpaka bodaboda wa pale nje wakaingilia. Kumbe kweli bwana! Muvi aliachana nazo 1950, 1967 akagombea ubunge California akapigwa chini, 1969 Rais Nixon akamweka kwenye ujumbe wa Marekani UN, 1974 mpaka 1976 balozi Accra, akatoka hapo akawa mkuu wa itifaki, mwanamke wa kwanza kwao kukaa kile kiti. Halafu iliyonimaliza ni ya Prague, mji mkuu wa Czechoslovakia ya enzi hizo, 1968 alikuwa huko kwa mkutano tu vifaru vya Wasovieti vikaingia yeye yupo, 1989 anarudi mji uleule kama balozi na mwaka haujaisha wakomunisti wametoka madarakani. Nilivyomwambia mama akasema si unaona anavyowajibu wakubwa.

Kilichonikera: muvi moja inakata katikati, nyingine sauti inatangulia mdomo unafuata, na hakuna iliyotafsiriwa kwa hiyo nilikesha namtafsiria mama hadi koo likakauka, nimekuwa DJ bila malipo. Jamaa alinibadilishia bure bila maneno, ila nauli ya Tukuyu kwenda na kurudi nani anairudisha? Muwe mnacheki palepale kabla hamjaondoka, na mpeleke flashi tupu maana ile kompyuta yake ina virusi yangu ilijaa shotikati.

Jumapili hafungui mpaka watu watoke kanisani. Ile muvi ya Shirley Temple ya rangi ya 1939 jamaa anasema anayo kwenye hadidiski nyumbani, wiki ijayo nampitia.