Kukipa chakula ladha ya moshi: kwa kaa la moto au kwa pipa la kufukizia?

Kwa maharage, huchukua kaa moja la moto, jekundu, naliweka kwenye kibakuli cha chuma katikati ya sufuria, nalidondoshea samli, tss, nafunika haraka. Dakika 5 zinatosha. Ukizidisha, ladha inakuwa chungu. Siku za kazi sina njia nyingine.

Ila kuku wa kienyeji anastahili pipa. Namchemsha kwanza, maana nyama yake ngumu, kisha namweka kwenye wavu mbali na mwali, kuni kavu za mwembe zikifuka taratibu. Saa 2 hivi, ngozi inageuka rangi ya asali iliyokolea, na harufu haitoki hata kesho yake. Mbao zilizopakwa rangi usizichome kabisa. Na upepo wetu wa Dodoma huchochea moto, kwa hiyo kinga pipa nyuma ya ukuta.