Kuomba kazi serikalini ukiwa Arusha au Moshi: Ajira Portal, steshenari na wakili

Ombi moja la kazi ya serikali hupitia mikono mitatu: mfumo wa Ajira Portal (portal.ajira.go.tz), steshenari inayokuskania vyeti, na wakili anayegonga muhuri. Wa kwanza ni bure, wawili waliobaki wanalipwa. Ukizipima huduma hizi kwa kigezo kimoja tu, jina lako kutokea kwenye tangazo la kuitwa usaili, mfumo uko vizuri kuliko unavyosemwa vijiweni, wakili anafaa ukimpeleka karatasi sahihi, na steshenari ndiyo ya kuangaliwa kwa makini. Si kwamba wanaofanya kazi humo ni wabaya. Tatizo ni kwamba mteja anawakabidhi kazi ambayo alipaswa kuifanya mwenyewe.

Tuanze na mfumo. Unasimamiwa na Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, iliyo chini ya Ofisi ya Rais na yenye makao Dodoma. Akaunti moja inakutosha kwa nafasi karibu zote: Mtendaji wa Kijiji Longido, Dereva Rombo, Mkufunzi Msaidizi Chuo cha Uhasibu Arusha, mtunza kumbukumbu Ushirika pale Moshi. Majeshi kama Polisi, Uhamiaji na JWTZ yana taratibu zake, kwa hiyo usikae ukisubiri nafasi zao humu.

Uzuri mkubwa wa mfumo huu ni kwamba unajaza taarifa zako mara moja tu. Taarifa binafsi, mawasiliano, elimu, taaluma, lugha, uzoefu, mafunzo ya kompyuta, wadhamini watatu na viambatisho vyote vinabaki kwenye akaunti. Tangazo likitoka, unachoongeza ni barua ya nafasi hiyo tu. Lakini wengi hufungua akaunti siku tangazo linapotoka, tena zikiwa zimebaki siku mbili lifungwe, na hapo ndipo makosa yanapozaliwa. Matangazo mengi hukaa wazi wiki mbili hivi. Wiki mbili zinatosha kuandika barua na kuisaini. Hazitoshi kufuata cheti cha kidato cha nne kilichobaki shuleni Mwanga, kusahihisha jina na kumtafuta wakili kwa mkupuo mmoja.

Jambo la pili la kusifia: ukiingia kwenye sehemu ya maombi yako, unaona hali ya kila ombi, na ukiachwa kwenye mchujo unaandikiwa sababu. Isome. Ni taarifa ya bure ambayo hakuna steshenari itakayokupa. Barua haikusainiwa, cheti fulani hakipo, sifa haziendani na tangazo: kila sababu ina dawa yake, na dawa hiyo inakusaidia kwa maombi yote yanayofuata.

Kasoro yake? Fomu zimejaa Kiingereza cha ofisini, na kwa mtu anayeomba udereva hiyo ni kikwazo cha kweli. Na siku ya mwisho ya tangazo kubwa, mfumo hulemewa. Jaza mapema, usiku au alfajiri, mambo yatakwenda.

Kabla ya kulipa hata shilingi, soma tangazo mstari kwa mstari, hasa sehemu ya sifa za mwombaji. Sifa zinatoka kwenye miundo ya utumishi, yaani nyaraka za Serikali zinazopanga sifa za kila cheo, na anayechambua maombi hana ruhusa ya kukuhurumia. Mtendaji wa Kijiji III anatakiwa awe amemaliza kidato cha nne au cha sita na ana astashahada katika fani kama Utawala, Sheria, Elimu ya Jamii, Usimamizi wa Fedha au Maendeleo ya Jamii, kutoka Chuo cha Serikali za Mitaa Hombolo au chuo kingine kinachotambuliwa na Serikali. Dereva II anatakiwa awe na cheti cha kidato cha nne, leseni ya daraja E au C aliyoifanyia kazi kwa angalau mwaka mmoja bila kusababisha ajali, na cheti cha mafunzo ya msingi ya udereva kutoka VETA au chuo kinachotambuliwa. Hapa kwetu, penye madereva wengi hodari wa watalii, cheti hicho cha mwisho ndicho kinachokosekana. Mtu ameendesha gari Serengeti miaka yote, leseni anayo, ila hajawahi kukaa darasani, na ombi lake haliendi mbali. Kwa Mwandishi Mwendesha Ofisi kuna hatimkato (maandishi ya mkato ya kuandika kwa kasi) ya Kiswahili na Kiingereza, maneno 100 kwa dakika, pamoja na cheti cha kompyuta. Hivyo si vitu vya kujaza kwa matumaini.

Umri usizidi miaka 45, isipokuwa kwa aliyeko tayari serikalini. Huyo naye, akitaka kuhamia kada nyingine aliyojisomea, barua yake ipite kwa mwajiri wake. Mwenye ulemavu anatakiwa aueleze kwenye mfumo. Usiufiche, matangazo yenyewe yanahimiza watu wenye ulemavu waombe.

Sasa vyeti, na hapa tukae kidogo. Hati ya matokeo ya kidato cha nne au cha sita, ile karatasi nyepesi ya shuleni, haikubaliki. Matokeo ya muda ya chuo nayo hayakubaliki. Kinachotakiwa ni cheti chenyewe, na kwa waliopita chuo, cheti pamoja na transkripti, ile orodha ya masomo na alama zake. Aliyemaliza masomo juzi na bado anasubiri cheti asipoteze nguvu kulazimisha barua ya chuo ikae mahali pa cheti. Kwa mikoa yetu ya mpakani kuna jambo jingine: waliosoma sekondari Kenya, wa Namanga, Holili na Tarakea, lazima vyeti vyao vihakikiwe na NECTA (Baraza la Mitihani) kwanza. Shahada ya nje inakwenda TCU (Tume ya Vyuo Vikuu), na vyeti vya vyuo vya kati vya nje vinakwenda NACTVET (baraza la elimu na mafunzo ya ufundi). Uhakiki huo uanze sasa, hata kama hakuna tangazo.

Halafu majina. Hili ndilo donda la Kilimanjaro na Arusha. Cheti cha kuzaliwa kinasema Massawe yenye s mbili, cheti cha kidato cha nne kina Masawe yenye s moja, na NIDA imeandika jina la babu mahali pa ukoo. Au Laizer upande huu, Laiser upande ule. Kwa macho ya mchambuzi hao ni watu wawili. Weka mezani cheti cha kuzaliwa, kitambulisho cha NIDA, cheti cha kidato cha nne na cheti cha chuo, kisha usome jina herufi kwa herufi kwenye kila kimoja. Angalia na tarehe: namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za mwanzo ni mwaka, mwezi na siku yako ya kuzaliwa. Zikipingana na cheti cha kuzaliwa, mgongano unaonekana bila mtu kuutafuta. Sekretarieti inataka mwenye majina yanayotofautiana aende kwa mwanasheria apate hati ya kisheria, na afike nayo kwenye usaili. Mweleze wakili tofauti yote ilivyo ili akuandikie hati inayostahili. Kiapo cha kueleza kwamba majina mawili ni ya mtu mmoja si sawa na hati ya kubadili jina, ambayo husajiliwa kwa Msajili wa Hati. Nyaraka zote zitaje majina yaleyale yaliyo kwenye vyeti, bila kurembesha.

Mawakili hawakosekani katika miji yote miwili, na kwa kuthibitisha nakala hawatofautiani sana. Anayefaa ni yule anayeomba kuona cheti halisi kabla ya kugonga muhuri kwenye nakala, na muhuri wake unasomeka jina na anwani. Anayegonga rundo zima bila kufunua karatasi, muache. Cheti cha kuzaliwa nacho kithibitishwe, watu hukisahau kwa sababu si cha shule.

Mpangilio sahihi wa kazi uko hivi: toa fotokopi safi, nenda nazo kwa wakili pamoja na vyeti halisi, kisha rudi steshenari kuskani zile nakala zenye muhuri. Steshenari nyingi zitakuskania kwanza kwa sababu umeshafika hapo na mashine inawaka. Ukikubali, utalipa mara mbili. Agiza rangi, si nyeusi na nyeupe, ili muhuri wa bluu uonekane. Agiza nukta 200 kwa inchi: zinasomeka vizuri na faili halivimbi, kwa maana mfumo una kikomo cha ukubwa na unapokea PDF. Kila cheti kiwe faili lake, ila transkripti yenye kurasa tatu ibaki faili moja. Picha ya simu yenye kivuli cha mkono na pembe ya meza haifai, hata ukiigeuza PDF. Mafaili uyabebe kwenye flashi yako na ujitumie kwa barua pepe kabla ya kutoka dukani.

Hiyo ndiyo huduma ya steshenari inayostahili pesa yako, kuskani na kuprinti. Kuanzia mitaa ya Mnara wa Saa Arusha hadi jirani na vyuo vya Moshi utaipata bila shida. Uliza bei ya ukurasa kabla hujakabidhi chochote, na usiache vyeti halisi hata ukiambiwa "uvipitie jioni".

Huduma ya kujaziwa kila kitu hatuipendekezi kabisa. Kijana wa dukani hufungua akaunti kwa barua pepe aliyoitengeneza yeye na nenosiri analolijua yeye. Miezi minne baadaye unaitwa usaili, duka limehama, na huna njia ya kuingia. Wadhamini hujazwa kwa kubahatisha. Barua ni moja kwa wateja wote, jina tu hubadilishwa, na mara nyingine cheo cha mteja aliyetangulia hubaki kwenye kichwa cha habari. Kama huwezi kompyuta, kaa naye bega kwa bega: barua pepe yako, laini yako, nenosiri unaliandika wewe, na kabla ya kutuma fungua kila kiambatisho uone kama cha kidato cha sita hakijakaa mahali pa kidato cha nne. Ukimaliza, toka kwenye akaunti.

Barua iwe ya ukurasa mmoja, kwa Kiswahili au Kiingereza, yenye tarehe na cheo kama kilivyoandikwa kwenye tangazo. Anwani ni ile iliyo mwishoni mwa tangazo. Nafasi za taasisi nyingi huelekezwa kwa Katibu, Ofisi ya Rais, Sekretarieti ya Ajira katika Utumishi wa Umma, S.L.P. 2320, Dodoma. Nafasi za halmashauri mara nyingi huelekezwa kwa Mkurugenzi Mtendaji wa halmashauri husika, japo unaomba kwenye mfumo uleule. Kisha iprinti, isaini kwa kalamu, iskani. Barua isiyo na saini ni kosa dogo kuliko yote na linaumiza kuliko yote, kwa sababu aliyeachwa alikuwa na sifa zote.

Kuomba hakuna ada. Anayekupigia simu akitaka pesa "akusogezee jina" ni tapeli, hata kama anajua namba yako ya NIDA.

Ukishatuma, weka makazi yako ya sasa sawasawa kwenye akaunti. Usaili wa mchujo, yaani mtihani wa kwanza wa kupunguza idadi, kwa kada zenye waombaji wengi umekuwa ukifanyika mikoani, na mtu wa Moshi ambaye akaunti yake bado inasema Mbeya kwa sababu alisoma huko anaweza kujikuta na safari asiyoitegemea. Mahojiano yakiwa Dodoma, kutoka Arusha ni zaidi ya kilomita 400 kupitia Babati na Kondoa, na nauli, chakula na malazi ni juu yako. Fika siku moja kabla. Nakili namba yako ya usaili kutoka kwenye akaunti, kwa kuwa mlangoni haitolewi. Beba vyeti halisi vyote kuanzia cha kuzaliwa, hati ya majina kama unayo, kitambulisho kinachokubalika (cha Taifa, cha mpiga kura, leseni ya udereva au hati ya kusafiria), na kwa kada zenye bodi, cheti halisi cha usajili na leseni ya kufanyia kazi.

Aliyefaulu na kupangiwa kituo hupata barua yake kwenye akaunti ileile, sehemu ya maombi, anaipakua na kuripoti kwa mwajiri ndani ya muda ulioandikwa, akiwa na vyeti halisi mkononi. Hapo ndipo anayelijua nenosiri lake anapanda basi, na asiyelijua anaanza kuzunguka mtaani kumtafuta kijana wa steshenari.