Miezi mitatu na vidonge vya mdalasini

Mbele ya chupa kulikuwa na neno moja kubwa: mdalasini. Laiti wangeongeza neno la pili, la kusema ni mdalasini gani, nisingevimeza vidonge vyake miezi mitatu mfululizo.

Nina kisukari aina ya pili, mwaka wa sita huu, na natumia metformini, dawa ya kushusha sukari. Nilivinunua vidonge hivi baada ya kusoma habari za utafiti uliofanyika Pakistani na kuchapishwa mwaka 2003: watu 60, wengine walipewa gramu 1 ya mdalasini kwa siku, wengine 3, wengine 6, wengine wakapewa kidonge kisicho na dawa. Baada ya siku 40, sukari ya asubuhi ya waliotumia mdalasini ilikuwa imeshuka kwa asilimia 18 hadi 29. Mgonjwa akisoma hivyo, moyo unaruka. Sikutafuta tafiti zilizofuata, na hapo nilikosea. Mwaka 2012 uchambuzi wa Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, ulikusanya majaribio 10 yenye washiriki 577, na haukuona kwamba mdalasini unashusha sukari kuliko kidonge kisicho na dawa.

Mwili wangu ulitoa jibu hilohilo. Nilimeza vidonge sita kwa siku kama lebo ilivyoelekeza, kila kimoja miligramu 500 za unga, yaani gramu 3. Sukari yangu kabla ya kifungua kinywa ilikuwa milimoli 8.4 kwa lita nilipoanza, wiki ya kumi na mbili ilikuwa 8.1. Tofauti kama hiyo naipata hata nikilala vizuri usiku mmoja. Tumbo halikunisumbua, ila nilicheua harufu ya mdalasini hadi jioni.

Kilichonitisha ni kipimo cha ini. Daktari alikiagiza katika uchunguzi wa kawaida, majibu yakaja yamepanda. Akaniuliza nimeongeza dawa gani. Nikamjibu hakuna, na nilimaanisha, maana kichwani mwangu mdalasini ulikuwa kiungo cha jikoni. Alipouliza tena, "Hata za mitishamba?" ndipo nikaikumbuka ile chupa.

Alinieleza jambo ambalo kila anayemeza vidonge hivi anastahili kulijua kabla ya kulipa. Kuna mdalasini wa Ceylon, asili yake Sri Lanka, na kuna kasia, ambao ndio wa bei nafuu na ndio unaouzwa zaidi. Kasia una kumarini kwa wingi, kemikali inayoweza kudhuru ini kwa baadhi ya watu. Ule wa Ceylon unayo kidogo mno. Kiwango cha kumarini kinachohesabiwa salama Ulaya ni miligramu 0.1 kwa kila kilo ya uzito wa mtu kwa siku. Mimi nina kilo 62, kwa hiyo mwisho wangu ni kama miligramu 6. Gramu 3 za unga wa kasia wa wastani zinabeba kama miligramu 9. Kila siku. Na nilikuwa nafuata lebo!

Niliwaandikia watengenezaji. Walinijibu kwa adabu kwamba ni kasia.

Niliacha, na baada ya wiki saba kipimo cha ini kilirudi kawaida. Daktari hakuapa kwamba ni mdalasini uliofanya hivyo, nami siapi, lakini sirudi tena. Aliniuliza pia kama natumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, kwa sababu kumarini na dawa za aina hiyo si vitu vya kuchanganya bila usimamizi. Na anayechoma insulini au kutumia dawa zinazoshusha sukari kwa nguvu asijiongezee vidonge hivi kimyakimya.

Mdalasini wenyewe sijauchukia. Kijiti kwenye chai bado natia, na sasa natazama kwanza: wa Ceylon ni tabaka nyingi nyembamba zilizojiviringisha pamoja, unavunjika kwa vidole, kasia ni gome moja nene, gumu. Unga ukishafungwa ndani ya kidonge, macho hayawezi kukusaidia. Unabaki na lebo tu.

Natoa nyota moja kati ya tano. Nitaongeza ya pili siku watakapoandika "kasia" mbele ya chupa, pamoja na kiasi cha kumarini kilichomo.