Nimekula, nimeshiba, pesa yangu imekataliwa

Nyota moja. Na hiyo moja ni ya chai. Yule dada wa kaunta asidhani yake imo.

Mkahawa wenyewe sitautaja. Uko katikati ya Nairobi, si mbali na Bustani ya Jeevanjee, una viti vyekundu na soja mlangoni anayekagua mikoba. Anayeujua ameshaujua.

Siku yenyewe ilikuwa tamu, na ndiyo maana naumia. Nilifika kwa basi kutoka Dar, nikalala kwa binti wa shangazi South B. Asubuhi yeye kaenda kazini, mimi nikajitupa mjini bila ratiba. Ulikuwa ule mwezi wao wa baridi. Mtu wa Magomeni mimi, sweta mbili na meno bado yanagongana. Barabara ya Kenyatta nikakutana na sanamu ya Askari. Sisi kwetu Dar, Barabara ya Samora, tunaye mmoja, kaelekeza singe yake bandarini; wao wanao watatu. Chini pameandikwa Kiswahili, kinawakumbuka askari na wapagazi wa vita vya 1914 hadi 1918. Wapagazi hao ndio wale wa Carrier Corps, ndio sisi tukapata jina la Kariakoo na wao wakapata Kariokor. Unakesha kwenye basi, kumbe umekwenda kusalimia majirani.

Nikapanda na KICC, lile jengo la mviringo lililofunguliwa mwaka 1973. Ghorofa 28, na upepo wa kule juu unataka kukuvua mtandio. Jengo hilo naomba mlikumbuke.

Nikashuka na njaa. Mkahawani nikamwambia kijana wa meza, "Naomba chai ya maziwa ya tangawizi na sambusa mbili, tafadhali."

Akacheka. "Unaomba? Wewe sema tu nikuletee, mami. Ni samosa, sindio?"

Nikanuna. Sambusa ni sambusa. Nikamwekea alama mbaya palepale.

Lakini chai ile jamani. Imepikwa na maziwa sufuriani, si ile ya kupewa maji ya moto na kipakiti chenye kamba ujihangaikie. Tangawizi inaanza kooni inatokea masikioni. Sweta moja nikaivua.

Bili mia nne na themanini. Nikaenda kaunta na noti yangu ya mia tano, mpya, niliyoibadilisha Namanga.

"Hatushiki kesh." Macho kwenye kompyuta.

"Nitalipaje, dada yangu?"

"M-Pesa ama kadi."

Nikamweleza kwamba laini yangu ni ya Tanzania, nimekuja kutembea tu, pesa hii hapa, halali ya Benki Kuu yao. Nikaiangalia ile noti, na nani yuko mbele yake? KICC! Nimetoka kulipanda saa hiyohiyo, sasa nimelishika mkononi, na halinunui sambusa.

Ndipo akaniinulia uso, na nyuma yangu foleni imefika mlangoni, akasema kwa sauti, "Sasa kama huna M-Pesa, ulikuja kukula aje?"

Aje! Mimi? Ambaye sijawahi kukopa hata nyanya gengeni? Nilihisi uso unawaka, na si tangawizi. Soja naye kasogea, kasimama kati yangu na mlango, kana kwamba nitakimbia na magoti haya.

Tangazo lipo, sikatai. Karatasi moja nyuma ya mashine ya kahawa, unaiona ukishashiba. Yule soja wakati naingia alinifungulia mkoba wote, akaona pochi, akaona hadi dawa zangu za presha. "Mama, hapa ni M-Pesa tu": maneno hayo yangempunguzia nini? Wakenya wanayo tangu 2007, wameizoea, sawa. Na sisi tuna Lipa Namba. Lakini asubuhi hiyohiyo nilinunua njugu kwa mama mmoja kando ya barabara, namba yake ya tili, ya kulipiwa kwa M-Pesa, ameiandika kwenye kadibodi, na sarafu zangu akazipokea akaniombea na safari njema. Mwenye kadibodi anapokea, mwenye viti vyekundu anakataa.

Aliyeniokoa ni kijana yule yule wa samosa. Akaweka sinia chini, akatoa simu yenye kioo kilichopasuka kama utando wa buibui. "Leta hiyo soo tano, mami." Sikuelewa, akainyooshea noti kidole. Akabonyeza, akaficha namba ya siri kwa kiganja, simu ya kaunta ikalia. Kwisha. Nikampa noti, nikamwambia ishirini abaki nayo. Wapi! Akapapasa mifuko, hana, akatoka nje mbio kutafuta chenji, mimi nimesimama na soja tunatazamana. Akarudi na sarafu ya ishirini, akaniwekea mkononi. "Karibu tena. Na usiombe, sema tu."

Sasa hapo nyota nazigawaje? Yule dada ni wa mkahawa huo, na huyu kijana ni wa mkahawa huohuo. Ya chai ilishatoka. Ya kijana nitoe mbili. Basi tatu. La, tangazo lile nyuma ya mashine linaniudhi bado, rudisha moja. Mbili. Mbili na nusu, kama nusu zipo.

Na niseme kabla hamjaambiwa na mtu mwingine: siku ya kuondoka nilirudi. Msinicheke, ni ile tangawizi. Niliazima simu ya binti wa shangazi, nikalipa kama mwenyeji, dada wa kaunta hakuniangalia hata kidogo, na nilivyotazama vizuri hakuna anayemwangalia. Kijana hakuwepo, yuko zamu ya usiku. Nilikuwa nimembebea pakiti ya korosho za nyumbani, ikabidi nimwachie soja ampelekee. Akaipokea, akaipima uzito kwa kiganja, akaniuliza kama yake iko ndani ya mkoba.