Seti ya slaidi tatu za hadubini za tishu za uzazi wa kiume

Slaidi ya epididimisi (mrija ambamo mbegu hukomaa) ndiyo bora: kwa lenzi ya 40x, seli ndefu zenye stereosilia (vijinyweleo virefu vya juu ya seli) zinaonekana wazi, na mbegu zimejaa katikati ya mrija. Ya korodani inasikitisha. Tishu ilihifadhiwa kwa formalini badala ya kimiminika cha Bouin, hivyo imesinyaa na mirija imeachana. Viini vya seli vimefifia, mwanafunzi hawezi kutofautisha spematosaiti na spematidi, hatua mbili za seli zinazoelekea kuwa mbegu. Na hapo ndipo penye somo lenyewe! Seli za Leydig, zinazotoa testosteroni, angalau zinapatikana kati ya mirija: anza na 10x, kisha panda. Slaidi ya tezi dume inaridhisha. Madonge ya waridi ndani yake si uchafu, ni majimaji ya tezi yaliyoganda.