Kozi za Bure Mtandaoni: Mimi Sihesabu Video, Nahesabu Maswali

Haya, karibuni. Leo sina simu ya kutoa kwenye boksi wala spika ya kujaribu. Bidhaa ya leo ni masomo: saikolojia, sayansi na ualimu, yale yanayotolewa bure mtandaoni. Wachambuzi wengi wakizipima tovuti hizi wanahesabu video. Mimi naangalia kitu kimoja tu: maswali yako wapi, na je, nayo ni bure?

Sababu hii hapa. Mwaka 2006 watafiti wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi kifungu cha kusoma. Kundi moja lilipewa vipindi vinne vya kusoma na kurudia. Kundi jingine lilipewa kipindi kimoja cha kusoma, na vile vitatu vilivyobaki likawa linaandika kila linachokumbuka bila kuchungulia. Dakika tano baadaye, wasomaji walikuwa mbele. Baada ya wiki moja, kibao kikageuka: waliojipima walikumbuka asilimia 61, waliorudia kusoma asilimia 40. Sasa wewe unayemaliza video kumi usiku mmoja, sema mwenyewe uko kundi gani.

Tuanze na vigogo. Coursera ilianzishwa 2012 na Andrew Ng na Daphne Koller. edX ilianzishwa mwaka huohuo na vyuo vikuu vya Harvard na MIT, kisha 2021 ikauzwa kwa kampuni ya 2U kwa dola milioni 800. Ukiingia edX leo bila kulipa, kwenye kozi nyingi unaachiwa video na vya kusoma, lakini mazoezi ya alama yamefungwa. Hata muda wa kuangalia bure una kikomo. Watu wanalalamikia cheti. Cheti wachukue! Kinachoniuma ni kwamba walichokifungia ni kile hasa kinachokufanya ukumbuke, wakakuachia kile kinachokufanya ujihisi umesoma.

Na hata hivyo wanaofika mwisho ni wachache mno. Uchambuzi wa Justin Reich na José Ruipérez-Valiente uliotoka 2019 uliangalia kozi za Harvard na MIT kwenye edX: mwaka wa masomo 2017–18, waliomaliza walikuwa asilimia 3.13 ya washiriki wote. Tuwe wa haki, wengi hujiandikisha kuchungulia tu. Lakini asilimia tatu, jamani.

Twende kwenye saikolojia yenyewe, maana hapa pana utamu na pana mtego. Open Yale Courses, mihadhara ya bure ya Chuo Kikuu cha Yale, wana utangulizi wa saikolojia wa Profesa Paul Bloom, mihadhara 20, hakuna kujisajili, na kila mhadhara una maandishi yake, kwa hiyo mwenye bando dogo anasoma badala ya kutazama. Bloom ni mzungumzaji hasa. Anakuchekesha halafu unagundua umefundishwa. Sasa mtego: ilirekodiwa 2007. Mwaka 2015 kundi kubwa la watafiti lilitoa matokeo ya kurudia tafiti 100 za saikolojia. Tafiti za awali, asilimia 97 zilikuwa na matokeo ya maana kitakwimu, yaani ambayo ni vigumu kuyaita bahati tu. Ziliporudiwa, ikawa asilimia 36. Hiyo haisemi kwamba zote nyingine ni uongo, lakini somo lolote la saikolojia lililorekodiwa kabla ya hapo lisikilize ukiwa macho. Lile jaribio maarufu la gereza la Stanford la 1971, ambapo vijana waliigiza walinzi na wafungwa, kwa mfano: mtafiti Thibault Le Texier alipekua nyaraka za jaribio hilo, na 2019 akaonyesha kwamba walinzi walikuwa wameelekezwa jinsi ya kuwatendea wafungwa. Mhadhara wa fizikia wa 2007 hauna shida hiyo. Newton hajabadilisha kauli.

Ndiyo maana kwa saikolojia namweka mbele OpenStax, mradi wa Chuo Kikuu cha Rice. Kitabu chao cha saikolojia, toleo la pili, ni cha 2020, unakipakua kizima bure, na kila sura inaishia na maswali. Hakina mvuto wa Bloom, sikatai. Kina maswali.

Sayansi haina shida sana. Khan Academy, tovuti ya masomo ya bure, imeacha mazoezi yote wazi, na ukikosea inakuonyesha hatua kwa hatua ulipopotelea. Saikolojia yao ni finyu, msiifuate kule. Ila kipenzi changu ni PhET, majaribio ya sayansi ya kuigiza kwenye skrini, ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, iliyoanzishwa 2002 na Carl Wieman, mshindi wa Nobel ya fizikia. Si video hata kidogo. Unapewa betri, waya na balbu, unaunganisha mwenyewe. Ukiunganisha waya ncha moja ya betri hadi nyingine bila kitu katikati, moto unawaka kwenye skrini. Hakuna aliyekuambia mkato wa umeme (shoti) ni nini, umeusababisha. Majaribio mengi yanapakuliwa yakafanya kazi bila intaneti, na yapo yaliyotafsiriwa kwa Kiswahili.

Walimu, ninyi nendeni OpenLearn, ya Open University ya Uingereza, ipo tangu 2006. Majaribio ya kujipima yako wazi, na ukimaliza kozi unapata hati ya ushiriki bila malipo. Onyo moja. Ukikuta popote pale kozi ya ualimu inayoanza na dodoso la kukuambia wewe ni mtu wa kujifunza kwa kuona au kwa kusikia, funga. Harold Pashler na wenzake walipitia tafiti za jambo hilo 2008, hawakupata ushahidi wa kutosha wa kuwagawa wanafunzi hivyo. Bado linauzwa kila kona.

Kwa hiyo anayeanza saikolojia bila senti: soma sura ya kumbukumbu kwenye OpenStax, funga kitabu, andika ulichoshika, ndipo ujibu maswali ya mwisho wa sura. Bloom msikilize baadaye, kama kitindamlo.