TAHADHARI: Vila ya Toscana yenye tanuri la mawe, msitume hela

Wapendwa naomba msome hii mpaka mwisho, hasa nyie mnaopanga kukutana Italia na marafiki zenu wa zamani. Kuna tangazo la vila maeneo ya Val d'Orcia, kusini mwa Siena, nyumba ya mawe, madirisha ya kijani, bwawa, ile miti mirefu imesimama kama mishumaa kando ya njia, na nje kuna tanuri la pizza lina ufa unaoshuka kutoka mdomoni mpaka chini. Huo ufa ukariri. Nyumba hiyo haipo hapo wanaposema ipo na anayeikodisha ni tapeli, ametupiga euro 2,940, na juzi nimeiona imerudi kwa jina jingine.

Tulikuwa sita, tumelala bweni moja tangu form one, sasa tumetawanyika, mimi Hamburg, wawili Uingereza, mmoja Oslo, wawili Dar. Miaka 20 tangu tumalize form four hatujawahi kukaa meza moja wote sita. Tukachanga miezi minane, mweka hazina mimi, na mmoja wa Dar hela yake aliitoa kwenye kikoba, zaidi ya milioni moja na laki tatu za kwetu, hiyo ndo inayoniuma kuliko yangu.

Tangazo tulilikuta kwenye tovuti kubwa tu ya kukodisha nyumba, wiki moja euro 3,300. Nikauliza tarehe, jamaa akajibu vizuri, akasema kalenda ya pale inamsumbua tuhamie WhatsApp, na tukimlipa moja kwa moja anatupunguzia asilimia 20 maana hakatwi kamisheni. Ikawa 2,640, ongeza dhamana 300 ya kurudishiwa siku ya kuondoka, kila mtu 490. Watu wanasema tapeli ana haraka, huyu hakutukimbiza hata siku moja! Alisubiri wiki tatu tukusanye, akatuma mkataba una muhuri, akatuma na picha ya kitambulisho (sasa hivi naamini nacho ni cha mtu aliyeibiwa), halafu akauliza kama kuna asiyekula nguruwe ili amwambie mama anayepika. Wawili wetu ni Waislamu. Nikawaambia wenzangu huyu mtu ana utu.

Siku ya kutuma, apu ya benki ikanipa onyo kwamba jina halilingani na akaunti. Tangu Oktoba 2025 benki za nchi za euro zinalazimika kukagua hilo kabla hela haijatoka, na onyo lilikuja, lilikuja kabisa mbele ya macho yangu. Ila jamaa alishanitangulia, siku mbili kabla aliandika kwamba akaunti ni ya kampuni ya mkewe kwa hiyo benki italeta maneno, nibonyeze kuendelea tu. Nikabonyeza. Namba ilianza na LT, yaani akaunti ya Lithuania, na mtu anasema kazaliwa Siena na benki yake iko Siena, ya Italia ingeanza na IT. Hata mtu akikuelezea mapema kwa nini benki itakuzuia, bado simama hapo hapo.

Basi mwezi wa sita tukatua Fiumicino, uwanja wa ndege wa Roma, tukakodi gari la viti saba, saa tatu usiku tuko kwenye njia ya changarawe nyeupe simu inasema mmefika. Kulia ngano, kushoto ngano. Namba yake haipatikani, picha yake ya WhatsApp imeshatoka. Mama mmoja akaja na tochi kutoka nyumba ya mbali, nikamwonyesha ile vila kwenye simu, hata hakuishika, akatikisa kichwa akanyoosha vidole vitatu. Sisi wa tatu mwaka huu. Mwenzetu wa Dar alikaa juu ya begi lake pale pale njiani, hakulia, aliuliza tu, "Sasa viza yangu?" Maana ule mkataba ndio alioupeleka ubalozini kuonyesha atalala wapi.

Yule mama Mungu ambariki, alitupigia simu agriturismo ya jirani, wale wakulima wanaopangisha vyumba shambani, wakatupokea usiku ule. Tukiwa kitandani mmoja wa Uingereza akaitafuta picha ya tanuri mtandaoni, dakika moja tu, nyumba yenyewe ikatokea, iko Umbria, mkoa mwingine kabisa, karibu na Ziwa Trasimeno, ufa ule ule. Sisi sita hakuna aliyewahi kufanya hivyo kwa sababu kila mmoja alijua mimi nimeshakagua, na mimi nilikuwa nakagua michango.

Asubuhi tukaenda kwa carabinieri, polisi wa kule, kuandikisha. Askari akauliza, CIN yake iko wapi? Sikujua ni nini. Kumbe tangu tarehe 1 Januari 2025 kila nyumba ya watalii Italia lazima iwe na hiyo CIN, namba yake ya utambulisho ya kitaifa, inaanza na IT, iandikwe kwenye tangazo na ibandikwe nje ya jengo, asiyekuwa nayo faini ni euro 800 mpaka 8,000. Tangazo letu halikuwa nayo. Na pasipoti mwenye nyumba huzikagua mkifika, anapeleka majina polisi ndani ya saa 24, sisi yule tapeli tulishamtumia picha za pasipoti zote sita tangu Januari na mpaka leo hatujui anazifanyia nini.

Nakala ya maelezo ya carabinieri mwenzetu wa Dar anayo, ataibeba kila akienda kuomba viza. Benki yangu ilijaribu kuirudisha hela, akaunti ilishakombwa.

Kwenye tangazo la sasa picha ya kwanza ni bwawa, tanuri wamelisukuma mwisho kabisa, bei euro 3,100. Kama umeshatuma, pigia benki yako sasa hivi usisubiri Jumatatu, halafu niandikie inbox nikupe skrinishoti zote na namba ya akaunti uambatanishe ukienda polisi.